Mwaka Niliokula Chapati na Baba

Siku ya jubilei ya ndoa ya wazazi wangu, padri alipofika mbele ya baba hakumpa hostia. Alimpa kikombe kidogo kilichokuwa kimewekwa pembeni, mbali na vingine. Baba akanywa funda moja, akajifuta midomo kwa leso niliyomshonea mwenyewe, na padri akasogea kwa mdogo wangu Jovitha, naye akampa kikombe kilekile. Mama alipokea hostia kama watu wengine. Nyuma yangu walikaa wageni wawili kutoka upande wa mume wa Jovitha, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mzee huyu amepewa divai tu. Ndiye aliyejenga kanisa?" Mwenzake akajibu kwamba labda ndivyo ilivyo, ukifikisha miaka arobaini ya ndoa unaruhusiwa kuanza na kinywaji. Nilijiuma midomo nisicheke. Nilitaka kugeuka niwaeleze, lakini maelezo yenyewe ni marefu kuliko foleni ya komunyo. Yanataka mtu aketi, apewe chai, aambiwe habari za mwaka mzima ambao nyumba yetu ya Kasulo haikuzungumza jambo lingine ila unga.

Nikisema unga namaanisha wa ngano, uleule unaotengenezewa hostia, maana mama alikuwa mpika maandazi na chapati pale barabarani, malori yanapolala kabla ya kuelekea Rwanda na Burundi. Mwaka huo mimi, Devota, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kukanda. Jiko letu lilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo, na kila kitu ndani yake kilikuwa cheupe: meza, pindo la kanga ya mama, masikio ya paka. Tulikula kilichobaki kwenye biashara. Chai ya asubuhi tulinywa kwa andazi la jana, mchana chapati iliyoungua upande mmoja, na jioni tukipika ugali wa muhogo na maharage, mama alikoroga unga kidogo kwenye mchuzi ili uwe mzito. Watoto wa majirani walituonea wivu. Ukiwa na mama anayepika maandazi Kasulo, wewe ni mtoto wa tajiri, hata kama viatu vyako vimetoboka.

Jovitha alikuwa na miaka kumi, na kwa kula maandazi alitushinda sote. Lakini hakunenepa. Tumbo lilijaa, miguu ikawa myembamba, nywele zikapauka, na kwa jinsi alivyokuwa akikimbilia chooni walimu walimkalisha karibu na mlango. Alipewa dawa za minyoo, akapewa za amiba, akapimwa kifua kikuu, akapimwa na kile ambacho watu hawakitaji kwa jina, kote hamna kitu. Shangazi Anastazia, dada wa baba, alikuja kutoka Mbuba na mizizi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Jovitha akainywa, akaitapika palepale kwenye sketi ya shangazi. Mwishowe tukaandikiwa kwenda Mwanza, na huko, baada ya kutolewa damu na kuingizwa mpira wenye taa kooni hadi kwenye utumbo, mama aliambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwili wake unaiona ngano kama adui. Kila akila andazi, utumbo wake unapigana, na katika kupigana unajiumiza wenyewe. Vidonge vya ugonjwa huo hakuna. Aache ngano na shayiri maisha yake yote, atapona.

Mama alirudi kutoka Mwanza na hakuvua hata viatu. Aliingia jikoni, akaubeba kichwani mfuko wa unga uliokuwa haujafunguliwa, akavuka barabara nao na kuutua kwa Mama Gaudensia, jirani yetu aliyekuwa akiuza chai na viazi vitamu. "Upike wewe," akamwambia. "Wateja nitakuelekezea." Kisha akarudi na maji ya moto na sabuni, tukasugua jiko lile hadi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba meza yetu ilikuwa ya mninga. Tangu siku hiyo akawa anapika vitumbua vya mchele, na kabalagala za ndizi mbivu na unga wa muhogo. Madereva walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Mimi sikumwona mama akilia, lakini kwa muda mrefu, akimpita Jovitha, alikuwa akimshika kichwa bila sababu, kama anayemwomba radhi.

Jambo moja alilifanya kwa mkono thabiti, na ndilo lililotuletea mkasa wote. Kwetu chakula hupakuliwa kwenye sinia moja na kila mtu hula upande wake. Mama alitukusanya akasema, "Hapa hakuna atakayekula kitu ambacho mwenzake hawezi kukila. Tukianza kumtengea sahani yake, atakuwa mgeni nyumbani kwao." Baba aliuliza kama hata chapati moja ya njiani ni haramu. "Hata hiyo," mama akasema. "Utarudi nayo mikononi." Basi tukaacha wote. Daktari wa Mwanza alikuwa amesema pia kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, kwamba mtu anaweza kuwa nao bila kujua, na kwa hiyo wazazi na ndugu waje wapimwe. Tuliafiki. Lakini mvua zikanyesha, maharage yakataka kuvunwa, baba akapata kazi ya milango ya shule, na kwenda Mwanza wakati ule kulikuwa safari kwelikweli, basi hadi kivukoni, kusubiri kivuko, na basi tena. Miezi ikapita.

Katika miezi hiyo Jovitha alinenepa mashavu, na jambo lingine likatokea ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Baba alianza kuimba. Baba alikuwa fundi seremala mwenye mikono mizuri na sifa mbaya. Wateja walimwita fundi wa kesho, kwa sababu kila kazi aliiahidi kesho. Kwa miaka mingi alikuwa akichoka kabla ya saa nne, tumbo likimjaa gesi, akijilaza kwenye benchi la karakana na kofia usoni. Alisema ana vidonda vya tumbo. Watu walisema ana uvivu, na shangazi Anastazia alisema mke amemkalia. Sasa alikuwa akiamka kabla yetu, randa ikisikika tangu alfajiri, milango ya shule ikakamilika kabla ya siku yake. Mama alisema ni furaha ya mtoto kupona. Nami niliamini hivyo. Ukikaa na mtu anayeanza kucheka tena, unacheka naye tu, huulizi.

Tulipokwenda Mwanza, daktari alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza. Tulipimwa watatu, baba, mama na mimi, na majibu yalipotoka alituita pamoja kwenye chumba chembamba chenye viti viwili. Mimi nilisimama. "Hongereni," alisema. "Wote watatu, hasi. Damu haioneshi kitu." Mama akafumba macho akimshukuru Mungu. Baba alikwisha kuvaa kofia. Kisha daktari, akiwa anaandika, akauliza kwa mazoea tu, "Na nyumbani mnaendelea kula ngano kama kawaida?"

"Ngano?" mama alisema, kwa sauti ya mtu aliyesubiri kusifiwa. "Daktari, tangu ulipotuambia, ngano haijavuka mlango wangu. Wote tunakula anachokula mtoto."

Daktari aliacha kuandika. "Wote?"

"Wote."

"Hata baba?"

"Hata paka," mama akasema.

Daktari alivua miwani, akaiweka mezani. Hakukasirika. "Mama," alisema, "kosa ni langu. Sikuwaambia msiache, kwa sababu sikufikiri mngeacha. Watu huwa hawaachi chapati kwa ajili ya mtu mwingine." Kisha akatueleza, na maelezo yake nimeyarudia mara nyingi kwa watu wengi hivi kwamba sasa nayaona kama yangu. Kipimo kile hakitafuti ugonjwa wenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili huwatuma kupigana na ngano. Mtu akiacha ngano, vita inakwisha, na askari hurudi kambini. "Sasa nimetazama kwenye damu yenu sijaona askari," alisema. "Inawezekana hawajawahi kuwepo. Inawezekana walikuwepo wakaenda likizo. Karatasi hii haiwezi kuniambia ni lipi."

"Kwa hiyo hiyo hasi yetu," baba aliuliza polepole, "ni hasi au si hasi?"

"Ni hasi ya mtu asiyekula ngano. Haina kazi." Akamgeukia baba, akaanza kumuuliza habari za tumbo, za uchovu, za mifupa, na kila baba alipojibu, alinitazama mimi au mama kana kwamba tumemsengenya. Mwishowe daktari akasema tunapaswa kurudia kula ngano kila siku, wiki sita hadi nane, kisha tuje tupimwe upya. Atakayezidiwa aache na aje mara moja.

"Yaani nile niugue, ndipo unipime?" baba akasema.

"Ule. Kama ugonjwa si wako, hutaugua kwa chapati."

Kwenye kivuko, wakati wa kurudi, baba aliegemea kingo akitazama maji na kutangaza kwamba yeye hali. Amepona, anafanya kazi, anaimba, anataka nini tena? "Kuna mtu anarudi shimoni," alisema, "kwenda kuangalia aliteleza kwa mguu gani?" Mama hakumlazimisha. Ukweli ni kwamba sisi wote tuliogopa, na tuliogopa kitu kimoja. Kama baba angekula akaugua tena, halafu kipimo kikasema bado hasi, basi kuna kitu kingine kilichokuwa kinamla baba yetu, na kitu hicho hakina jina. Ilikuwa rahisi zaidi kukunja karatasi, kuiweka kabatini, na kusema tumepimwa.

Shangazi Anastazia alipopata habari alipanda pikipiki kutoka Mbuba siku hiyohiyo. Mimi na Jovitha tulikuwa jikoni tunachambua maharage, na ukuta wa jiko letu ulikuwa hauzuii kitu, hata harufu ya sabuni. Tulimsikia akinywa chai, akiuliza habari za mashamba, kisha akafika alikokusudia. "Wifi, karatasi imesema ndugu yangu hana. Devota hana. Basi mtoto ameutoa wapi? Sisi huku hatuna ugonjwa wa kuogopa chakula. Labda huko kwenu Biharamulo."

"Karatasi haisemi hivyo, wifi," mama alisema.

"Inasema hasi. Hata mimi shule nimekwenda."

Mama alijaribu kumweleza habari za askari na likizo, na nilimsikia akijichanganya, akianza upya. Shangazi akasema hajawahi kusikia askari wa kwenda likizo. Jovitha aliendelea kuchambua maharage, akitupa hata mazuri. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, "Dada, kwa hiyo ni mimi peke yangu?" Nilimwambia asisikilize maneno ya watu wazima. Lilikuwa jibu la kijinga. Yeye alikuwa ameuliza swali la kweli.

Kabla ya mwezi kuisha tumbo lake lilianza kujaa tena. Mama alisugua sufuria upya, akaacha hata kununua mchele kwa mtu anayeuza na unga. Mimi ndiye niliyemkuta Jovitha nyuma ya choo cha shule, nimempelekea sweta, akila keki mbili kwa pupa huku akitazama huku na huko. Hakulia. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulipiga hesabu jambo. "Nyinyi wote hamna. Labda na mimi sina tena. Labda umeisha, ila mama anaogopa kunipima." Nilimshika mkono hadi nyumbani. Nilimweleza baba karakanani, peke yake, kwa sababu nilijua mama angejilaumu kwa jambo hili pia. Baba aliweka randa chini. Alikaa kwenye lile benchi alilokuwa akilalia zamani, akapukuta vumbi la mbao magotini. Kisha akasema, "Basi nitakula. Kama ni wangu, mtoto ajue ameutoa kwa baba yake."

Sheria ya mama haikuvunjwa. Ngano haikuingia ndani. Kila asubuhi baba na mimi tulivuka barabara hadi kwa Mama Gaudensia, tukakaa kwenye benchi lake chini ya bati, tukaagiza chapati mbilimbili na chai ya rangi. Mama alikuja saa za mchana, peke yake, akala zake amesimama, na hakuacha kulaumu mkono wa mwenzake. "Huu unga hajaukanda," aliniambia wakati mmoja. "Ameusalimia." Mimi, niseme kweli, zile chapati nilizipenda. Miezi yote ile nilikuwa nikiziota. Asubuhi ya kwanza nilikula hadi nikalamba vidole, na baba naye akala, akasema zamani alikuwa hajui kwamba chapati ni tamu hivi, kwa sababu alikuwa akizila kila siku. Tukacheka. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyazungumza, matokeo yangu yatakuwaje, kama nipelekwe kujifunza cherehani, kwa nini yeye alichagua useremala. Sijawahi kumpata baba peke yangu kama nilivyompata kwenye lile benchi.

Lakini haikuchukua muda. Alianza kuivunja chapati vipande vidogo, akiacha kimoja kwa ajili ya mwisho, akikitazama. Akarudia kujilaza. Randa ikanyamaza. Asubuhi nyingine tulikuwa tunarudi akasimama katikati ya njia, mkono tumboni, akiniashiria nitangulie ili nisimwone, nami nikatangulia, nikasimama nyuma ya lori nikamsubiri nikilia. Mimi nilikula chapati zilezile, kutoka kikaango kilekile, na sikuwa na kitu. Nilitamani hata niumwe kidogo. Nilimwomba aache, akasema daktari amesema wiki, hakusema siku. "Na wakisema hasi?" nikamuuliza. "Basi tutatafuta," akasema. "Lakini tutakuwa tunatafuta, hatutakuwa tunajificha."

Jovitha alikuwa ameona kwamba tunatoka kila asubuhi bila yeye, na akafikiri tunakwenda kula vizuri tukimkimbia. Siku moja akatufuata. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele ya benchi na mkoba wake wa shule, akitazama chapati mkononi mwa baba, na sijui kama nimewahi kuona uso wa mtoto ukivunjika namna ile. Nilisimama. Baba hakusimama. Alisogea kidogo, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja. "Njoo, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Usiguse, kaa tu."

Jovitha akakaa ukingoni.

"Nakula ili damu yangu iseme kweli," baba akamwambia. "Ile karatasi ya kwanza ilipima mtu asiyekula. Nataka nijue kama huu wako umeutoa kwangu."

"Na kama si kwako?"

"Nitakuwa nimekula chapati nyingi bure."

Jovitha akatazama tumbo la baba, lililokuwa limejaa chini ya shati, tumbo alilolijua. "Zinakuuma?"

Baba alinitazama mimi kwanza. "Zinaniuma."

"Kama zangu?"

"Nadhani kama zako."

Jovitha akasema, kwa sauti ya mkubwa anayemhurumia mdogo, "Ukimaliza unywe maji ya uvuguvugu. Mimi yananisaidia." Tangu hapo alikuja nasi kila asubuhi kabla ya shule, na muhogo wake wa kuchemsha kwenye kibakuli chenye kifuniko, akaketi upande wa pili wa baba na kumsimamia. Keki hakuzigusa tena. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akanishangaa. "Baba ameniambia zinauma."

Mwanza tulikwenda wote wanne. Daktari alitupokea kama watu wa kwao. Siku ya majibu alitupanga, safari hii viti vilitosha, akasoma polepole. Mama hasi. Mimi hasi. "Na hizi sasa ni hasi zenye maana," alisema, "kwa sababu mmekula." Kisha akamtazama baba na kutabasamu, jambo ambalo sikulitegemea. "Mzee, wewe ni chanya. Tena sana. Askari wamerudi wote kutoka likizo." Alisema watamwingizia ule mpira wenye taa ili kuhakikisha, na walipofanya hivyo wakahakikisha. Lakini baba hakusubiri mpira. Alivua kofia, akaishika magotini kwa mikono miwili, akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mama akaanza kulia wakati mmoja naye, na daktari akatusogezea karatasi za kujifutia bila kutuuliza kitu. Miaka yote ile ya benchi na kofia usoni. Fundi wa kesho. Hakuwa mvivu, na mke wake hakuwa amemkalia. Ilikuwa chapati.

Jovitha aliuliza, "Kwa hiyo tuko wawili?"

"Wawili," daktari akasema.

"Basi," akasema Jovitha, na akaegemea kiti.

Daktari alitueleza mengine ambayo nilijitahidi kuyashika. Kwamba mbegu ya ugonjwa huu inaweza kutoka upande wowote, hata pande zote mbili, na wengi wanaibeba bila kuugua kamwe, hivyo hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole. Kwamba hasi yangu ni ya leo. Nisiishi kwa hofu, lakini nikianza kuchoka bila sababu au tumbo likinisumbua, nije nipimwe tena, na nisiache ngano kabla ya kupimwa. Baba alikuwa na swali lake moja tu. "Pombe ya ndizi, ile yetu ya nyumbani, tunaichachusha kwa mtama." Daktari akasema mtama ruksa, ila bia ya chupa aachane nayo, ni ya shayiri. Baba akamtazama mama kwa ushindi, kama mtu aliyeandikiwa dawa.

Kwenye basi mama alimpigia shangazi Anastazia simu, na kwa kuwa mtandao ulikuwa wa kukatikakatika, alipiga kelele. "Wifi! Ndugu yako yuko chanya! Tunamshukuru Mungu, yuko chanya!" Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka, akamtazama baba kwa huruma nyingi, kisha akahamisha kapu lake. Baba akamwamkia kwa heshima zote. Tulifika nyumbani tumechoka kwa kucheka. Shangazi alikuja baada ya siku chache na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Hakusema lolote kuhusu Biharamulo. Alisema, "Wifi, nimekuletea kuku," na mama akasema, "Karibu, wifi," wakaingia jikoni pamoja, na kwa sauti ya visu nilijua yamekwisha.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Biharamulo, nashona nguo mjini, na nimepimwa mara mbili tangu wakati ule. Bado hasi. Jovitha anafundisha shule huko Keza, na nyumbani kwake kuna sheria ileile ya mama, ndiyo maana likizo iliyopita alinitumia mwanawe wa kwanza na begi la nguo na ujumbe mfupi: "Dada, mlishe mikate hadi apimwe." Nililea mtoto kwa mikate na maandazi likizo nzima, akidhani mama yake ni mchoyo na mimi ndiye mwema. Majibu yakatoka hasi, ya leo. Mama yake alinipigia simu akilia kwa furaha, nami nikamwambia mtoto sasa hataki muhogo.

Kwenye jubilei keki ilikuwa ya unga wa mchele na muhogo, aliioka Jovitha mwenyewe, na chakula kikapakuliwa kwenye masinia makubwa, na kila mtu aliweza kula kila kitu. Wale wageni wawili wa kanisani walikula wakasifu, hawakujua kilichokosekana. Nilifikiri habari zimeishia hapo. Lakini asubuhi yake, wageni bado wamelala, baba aligonga dirisha langu kwa fimbo. Alikuwa amevaa koti la jubilei. "Twende," alisema.

Mama Gaudensia amezeeka, binti yake ndiye anayepika, lakini benchi ni lilelile. Baba aliniagizia chapati mbili na chai ya rangi. Kwa ajili yake alitoa mfukoni vipande vya muhogo wa kuchemsha alivyovifunga kwenye ile leso niliyomshonea. Tukakaa. Malori yalikuwa yanawasha injini. Nilikuwa naona aibu kidogo, nina umri huu, kutazamwa nikila kama mtoto, lakini hakuondoa macho.

"Bado ni tamu?" akaniuliza.

"Ni tamu, baba."

"Nilijua," akasema, na akatafuna muhogo wake taratibu. Nilipomaliza alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Nikamwambia asubiri. Nilikwenda kwenye ndoo ya binti wa Mama Gaudensia, nikanawa mikono kwa sabuni, nikasugua hadi chini ya kucha, nikasuuza, nikajifuta. Kisha nikarudi nikamshika mkono baba yangu, tukavuka barabara.